Mashine ya kufulia inakula kiasi gani? Mwongozo kamili wa kupima na kupunguza gharama

Kidole kikiwa juu ya kitufe cha joto la maji, kabla mashine haijaanza kunguruma, ndipo sehemu kubwa ya gharama ya umeme inapoamuliwa. Wengi huogopa zile dakika za mwisho, mashine inapokamua kwa kasi hadi sakafu inatetemeka, wakidhani hapo ndipo yuniti zinapoteketea. Sivyo. Kinachokula umeme ni kupasha maji moto. Mota inayozungusha pipa ni mlaji mdogo sana ukiilinganisha na hita.

Umeme nao ni fungu moja tu. Kuna maji, kuna sabuni, kuna fundi, na kuna bei ya mashine yenyewe, ambayo unailipa kidogo kidogo kwa kila mzigo unaofua mpaka siku itakapokufa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua, kwa mashine yake mwenyewe, mzigo mmoja wa nguo unamgharimu nini, kisha apunguze pale panapopungua kweli. Andaa kalamu, karatasi, mizani ya jikoni, bili yako ya umeme na ya maji, na utulivu wa saa kadhaa siku ya kufua. Sitataja bei, kwa sababu bei ni za kwako. Mimi nitakupa yuniti, lita na gramu, wewe utazidisha.

Hatua ya 1: Ijue mashine uliyonayo

Mashine za nyumbani ziko za aina tatu kuu, na zinatofautiana sana kwa maji. Yenye mlango wa mbele hulaza pipa ubavu, nguo zikawa zinainuliwa na kuangushwa kwenye maji machache. Mzigo mmoja hutumia takriban lita 40 hadi 60. Yenye mlango wa juu na ule mti wa katikati unaokoroga hutaka nguo zielee, kwa hiyo hunywa lita 100 hadi 150 bila shida. Ya matangi mawili, ambayo unahamisha nguo kwa mkono kutoka tangi la kufulia hadi la kukamulia, inakula maji kiasi utakachoamua wewe: ukisuuza kwa maji yanayotiririka, utaipita hata ile ya mti wa katikati, ukitumia maji ya sabuni ya nguo nyeupe kufulia za rangi, unaweza kuwa chini sana.

Sasa geuza mashine uangalie kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa wati 2000 hivi, ina hita ndani. Kama kimeandikwa wati 300 au 500, haina hita. Inafua kwa maji yanayoingia, yawe baridi au moto.

Hapa pana makosa mawili ambayo nayakuta kila mara. La kwanza ni kuzidisha wati za kibati kwa saa za programu: wati 2000 mara saa mbili na nusu, mtu anapata yuniti 5 na kuapa kwamba hatagusa mashine tena. Wati zile 2000 ni za hita, na hita huwaka kwa sehemu ndogo ya programu, mara nyingi chini ya nusu saa. Muda unaobaki mashine inazungusha tu, inapumzika, inajaza, inamwaga.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu ana mashine isiyo na hita, ameunganisha mpira wa maji moto kutoka kwenye hita ya maji ya nyumba, anapima umeme wa mashine na kufurahi kwamba haili kitu. Umeme uliliwa kule kwenye hita ya nyumba. Lita 40 za maji zikipandishwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinahitaji karibu yuniti 1.9, na hizo hazitaonekana popote kwenye plagi ya mashine.

Hatua ya 2: Pima umeme wa mzigo mmoja

Njia rahisi ni kifaa kidogo cha kupimia kinachochomekwa kati ya plagi na soketi. Hakikisha tu kimeandikwa kuwa kinahimili wati za mashine yako, na usikiunganishe kwenye waya mwembamba wa kurefushia. Programu ikimalizika kinakusomea yuniti, basi.

Kama huna kifaa hicho, mita ya nyumba inatosha. Isome kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, ukiwa umezima vingine vyote. Friji usiyotaka kuzima ipime kando: soma nyumba inakula kiasi gani kwa muda uleule bila mashine, kisha toa. Ufuaji wa maji baridi unaweza kula yuniti 0.15 tu, kwa hiyo kama mita yako haina desimali, jumlisha mizigo mitano au sita kisha gawanya.

Njia ninayoipenda mimi ni ya tatu, kwa sababu inakuonyesha kinachotokea kwa macho. Mita nyingi za kielektroniki zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kitaa kikipepesa mara 1000, yuniti moja imekwenda. Kila mpepeso ni wati-saa moja. Nilikaa mbele ya mita yangu siku moja na daftari mapajani, taa zote zimezimwa. Mashine ilianza kwa kujaza maji, kitaa kikapepesa mara moja, kikakaa, kikakaa, kikapepesa tena. Kisha hita ikawaka. Kitaa kikaanza kukimbia, mpepeso mmoja kila baada ya chini ya sekunde mbili, tik, tik, tik, kama saa iliyopandwa na wazimu. Dakika kumi na nane hivi zikapita, kikarudi kwenye usingizi wake. Hata wakati wa kukamua, pipa likivuma kwa nguvu zake zote, hakikukaribia mwendo ule. Tangu siku hiyo sijahitaji kuelezwa umeme wa mashine unaenda wapi.

Pima programu unazotumia kweli, moja moja, uandike: baridi, nyuzi 30, 40, 60. Kwa mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7 au 8, tarajia kitu kama yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa maji baridi, 0.3 hivi kwa nyuzi 30, 0.5 au 0.6 kwa nyuzi 40, na karibu yuniti 1 kwa nyuzi 60. Nyuzi 90 inapita hapo kwa mbali.

Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Lita moja ya maji ikipandishwa kwa nyuzi moja hudai wati-saa 1.16, na hakuna ufundi wa kiwandani unaoweza kuishusha namba hiyo. Mashine ikichukua lita 15 za kufulia na kuzipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 60, hiyo ni 15 mara 40 mara 1.16, yaani karibu yuniti 0.7, na bado hujahesabu nguo na pipa vinavyopata joto pamoja na maji. Ukiishia nyuzi 40, maji yanadai nusu yake. Ukiishia 30, robo.

Hatua ya 3: Pima maji

Funga mabomba yote, soma mita ya maji, fua mzigo mmoja, soma tena. Tarakimu nyeusi kwa kawaida ni mita za ujazo, kila moja ni lita 1000. Zile nyekundu ni sehemu zake. Kwa mashine ya matangi mawili hesabu ndoo unazomimina, ukiweka alama ya mkaa ukutani kwa kila ndoo, maana kichwa kitasahau.

Ukifua mara nne kwa wiki, mwaka mzima ni mizigo 208. Kwa lita 50 kila mzigo ni lita 10,400. Kwa lita 130 ni lita 27,000. Kama maji yako unayanunua kwa madumu au kwa lori, pengo hilo peke yake linaweza kuwa zaidi ya umeme wote, na hapo ushauri wa mtu mwenye bomba la maji ya bei nafuu haukufai. Ndiyo sababu nasisitiza upime kwako.

Hatua ya 4: Pima sabuni, na hapa tukae kidogo

Anayefua kwa maji baridi atashangaa akifika hatua hii: sabuni mara nyingi inamgharimu kuliko umeme. Ni gharama isiyo na mita wala bili, ndiyo maana hakuna anayeiona.

Chukua kikombe unachopimia, kijaze kama ulivyozoea, uweke sabuni hiyo kwenye mizani. Usijibane, jaza kama siku zote. Kisha soma maelekezo ya pakiti. Yatakutajia mambo matatu: uzito wa nguo, uchafu wake, na ugumu wa maji. Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, yanahitaji sabuni zaidi. Maji laini yanahitaji kidogo, na ukizidisha yanatoa povu jingi. Mwenye maji ya mvua anayepima kwa kiwango cha maji magumu anamwaga sabuni.

Tuseme umekuta unaweka gramu 150 mahali ambapo 75 zingetosha. Kwa mizigo 208, umemwaga zaidi ya kilo 15 za sabuni kwa mwaka kwenye mfereji wa maji machafu. Na haishii hapo. Mashine nyingi za kisasa zikihisi povu limezidi huongeza maji ya kusuuza na kurefusha programu. Sabuni ya ziada inakununulia maji ya ziada.

Jaribio la taulo litakupa ushahidi. Chukua taulo lililofuliwa na kukauka, lile unalodhani ni safi kabisa. Liweke kwenye beseni la maji moto bila sabuni yoyote, ulikoroge kwa mkono dakika chache. Maji yakitoa povu na kuwa na utelezi, hiyo ni sabuni ya mafuo yaliyopita iliyokwama ndani ya nyuzi. Taulo la namna hiyo huwa gumu, hufifia, na halinyonyi maji vizuri. Fua mizigo miwili mitatu kwa sabuni nusu, utaona linarudi kuwa taulo.

Punguza kwa hatua. Wiki ya kwanza toa robo ya kiwango chako, uangalie kola, kwapa na soksi. Zikitoka safi, toa robo nyingine. Zikibaki na uchafu au harufu, umefika mwisho wako, rudi hatua moja. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye kikombe ili watu wote wa nyumbani wapime kiwango kimoja. Hii alama ni muhimu kuliko inavyoonekana: nyumba nyingi zina mtu mmoja anayepima na watatu wanaomimina.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono iache kwa mkono. Imetengenezwa itoe povu, na mashine ya mlango wa mbele inafua kwa kuangusha nguo. Povu linazidaka kama godoro, nguo zinazunguka bila kupigika. Kuhusu unga na maji, sabuni ya unga iliyo kamili kwa kawaida ina kitu cha kuondoa madoa kwa oksijeni, kinachosaidia nguo nyeupe, ambacho sabuni za maji kwa kawaida hazina. Ya maji nayo inayeyuka vizuri kwenye maji baridi na haiachi chembe kwenye nguo nyeusi. Kilainisho cha nguo mimi nakiona ni anasa, na kwenye taulo kinapunguza kunyonya maji.

Hatua ya 5: Shusha joto, lakini kwa akili

Mwaka 1959 mkemia wa Ujerumani aliyeitwa Herbert Sinner, wa kampuni ya Henkel, alichora ufuaji kama duara lenye vipande vinne: joto, muda, kusuguliwa na sabuni. Ukipunguza kipande kimoja, lazima kingine kipanuke ili nguo zitoke safi vilevile. Duara hilo linaeleza kwa nini programu ya Eko inachukua saa tatu na bado inakula umeme kidogo kuliko ya saa moja na nusu: imepunguza joto na kuongeza muda. Mota kuzunguka saa moja zaidi ni bei rahisi. Maji kupanda nyuzi 20 zaidi ni bei ghali. Programu ndefu isikutishe.

Sabuni nyingi za leo zina vimeng'enya vinavyomega jasho, damu, wanga na mafuta ya chakula. Vinafanya kazi vizuri kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 30 hadi 40. Maji yakiwa ya moto mno vinaharibika. Doa la damu ukilitumbukiza kwenye maji moto moja kwa moja linaganda na kung'ang'ania nguo, wakati maji baridi yangelilegeza.

Kwa hiyo nguo za kila siku ambazo uchafu wake ni jasho na vumbi zifue kwa maji baridi au nyuzi 30. Kola na madoa yapake sabuni kwanza, uyaache dakika kumi na tano. Hapo umeongeza muda na sabuni mahali panapohitaji tu, badala ya kupasha pipa zima. Nyuzi 40 ziachie nguo zenye mafuta ya jikoni au ya gereji. Nyuzi 60 zina kazi yake, na sitamshauri mtu azifute: nepi za kitambaa, matambara ya jikoni, shuka na nguo za mgonjwa wa kuhara au kutapika. Hapo yuniti moja ni pesa iliyotumika vizuri.

Na mara moja kwa mwezi, ukiwa mfuaji wa baridi, endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 na sabuni kidogo ya unga. Maji baridi huacha utando wa mafuta na sabuni nyuma ya pipa, ambao ndio mama wa ile harufu ya ukungu. Harufu hiyo hugharimu, kwa sababu mtu huanza kufua nguo mara mbili.

Hatua ya 6: Jaza sawasawa

Kilo 8 zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu, na ni kwa programu ya pamba peke yake. Programu ya nguo za nailoni na polyesta kwa kawaida inabeba nusu ya hapo, na ile ya haraka ya nusu saa kilo 2 au 3. Jinzi moja ina gramu 600 au 700, shuka kubwa inakaribia hapo, fulana gramu 150 hadi 200. Pima mzigo wako wa kawaida mara moja tu. Utashangaa jinsi kilo 8 zilivyo nyingi.

Mashine inayopima nguo yenyewe hupunguza maji ukiweka mzigo mdogo, lakini haipunguzi kwa uwiano uleule. Nusu mzigo hautumii nusu ya umeme wala nusu ya maji. Mizigo miwili nusunusu daima ni ghali kuliko mmoja uliojaa. Kujaa ni hivi: ukishaweka nguo za pamba, kiganja chako kipite kimesimama kati ya nguo na paa la pipa. Kisipopita umeshindilia, na nguo zilizoshindiliwa hazisuuziki. Tena beringi ndizo zinazobeba uzito huo, na kuzibadilisha ni kazi ya kufungua mashine nzima. Katika mashine zenye tangi lililounganishwa moja kwa moja kiwandani, fundi atakuambia ununue tangi zima.

Hatua ya 7: Kamua kwa nguvu, ukaushe kwa jua

Kukamua hakuli umeme wa kutisha. Tuliona kwenye kitaa. Kwa hiyo kamua kwa kasi kubwa ambayo nguo inaruhusu. Kilo 5 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika hubaki na takriban lita 3.5 za maji. Kwa mizunguko 1400 hubaki na lita 2.5 hivi. Kwa anayeanika kwenye kamba, tofauti ni saa chache. Kwa anayetumia mashine ya kukaushia, ni pesa: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunadai angalau yuniti 0.63, na mashine halisi hula zaidi ya hapo.

Mashine ya kukaushia ya kawaida hula yuniti 4 au 5 kwa mzigo uliojaa, mara nne au tano ya ufuaji wa nyuzi 60. Zile zinazotumia pampu ya joto hula yuniti 2 au pungufu. Nyumba yenye mashine ya kukaushia isipoteze muda kubishana kuhusu nyuzi 30 au 40 kabla haijapunguza siku za kukaushia kwa umeme. Mashine zinazofua na kukausha kwa pamoja ziangalie vizuri kabla ya kununua: nyingi hutumia maji baridi kupoza mvuke, kwa hiyo zinakunywa maji hata wakati wa kukausha.

Hatua ya 8: Jumlisha mwaka mzima

Chora safu nne: umeme, maji, sabuni, mashine. Zidisha kila kipimo kwa idadi ya mizigo ya mwaka, kisha kwa bei iliyo kwenye bili yako. Kama bei ya umeme inapanda kadiri unavyotumia zaidi, tumia bei ya ngazi ya juu unayofikia, kwa sababu yuniti utakazookoa zitatoka huko juu. Kama bei hutofautiana usiku na mchana, hamishia ufuaji wa moto saa za bei ndogo, ila usilale au kutoka nyumbani mashine ikiwa inafanya kazi. Safu ya mashine ni bei uliyonunulia pamoja na fundi, igawanye kwa mizigo unayotarajia. Mashine ya mizigo 208 kwa mwaka ikidumu miaka 10 imefua mizigo 2,080.

Tazama nyumba mbili zenye mashine ileile. Ya kwanza inafua mara nne kwa wiki, yote kwa nyuzi 60, gramu 150 za sabuni: kwa mwaka ni yuniti 208, lita 10,400, na kilo 31 za sabuni. Ya pili inajaza vizuri ikatosheka na mara tatu kwa wiki, mbili baridi na moja nyuzi 40, gramu 75, pamoja na lile safisho tupu la kila mwezi: yuniti 55, lita 8,400, na kilo 12 za sabuni. Zidisha kwa bei zako uone lipi limeokoa zaidi. Kwa wengi ninaowafanyia hesabu hii ni sabuni.

Usiisahau mashine iliyolala. Ikibaki kwenye soketi ikila wati moja tu mchana na usiku, kwa mwaka ni karibu yuniti 9. Kwa mfuaji wa baridi hiyo ni zaidi ya robo ya umeme wote anaofulia. Chomoa.

Hatua ya 9: Ifanye idumu

Mashine mpya, kabla ya kuwashwa, ina bolti za nyuma zilizofunga pipa kwa ajili ya safari. Zitoe. Nimewahi kuitwa kusikiliza mashine ya siku mbili iliyokuwa ikitembea chumba kizima. Bolti zilikuwa bado zimefungwa. Zihifadhi kwa siku ya kuhama.

Miguu isawazishe mpaka mashine isiyumbe ukiibonyeza kona kwa kona. Kila mwezi fungua filta ya pampu, pale chini mbele, ukiwa umechomoa umeme na kutandika tambara, maji yakiwa yameshapoa. Ndani utakuta sarafu, kifungo, kibanio cha nywele, waya wa sidiria, na uzi uliosokotana kama kiota. Vitu hivyo ndivyo vinavyokwamisha pampu. Kila miezi michache toa kile kichujio kidogo kinachokaa mahali mpira wa maji unapoingilia, kioshe mchanga. Kikiziba, mashine inajaza taratibu na hatimaye inagoma, na watu hudhani imekufa. Ikiwa unatumia tangi la juu, kumbuka kwamba kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar moja hivi. Tangi lililoinuliwa mita mbili tu juu ya mashine linaweza lisifikie presha ya chini iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Acha mlango na kisanduku cha sabuni wazi baada ya kufua, na pangusa mikunjo ya raba ya mlango. Kama kuna watoto wadogo, hakikisha hawawezi kuufikia. Mwenye maji magumu anayefua kwa moto atumie asidi ya sitriki kuondoa ukoko wa chokaa kwenye hita, mashine ikiwa tupu, kwa kiwango ambacho kitabu kinaruhusu. Siki ya mara kwa mara inaweza kuchosha raba. Na kamwe usichanganye asidi yoyote na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hutoa gesi ya sumu.

Umeme unaopanda na kushuka huua bodi ya kompyuta ya mashine kabla mota haijachoka. Penye umeme wa namna hiyo, stabilaiza yenye uwezo unaozidi wati za kibati ni nafuu kuliko bodi moja. Anayetumia umeme wa jua mwenye betri ndogo afue baridi, hita isiwake kabisa.

Hatua ya 10: Kabla hujanunua mpya

Lebo ya nishati ya Umoja wa Ulaya, iliyobadilishwa Machi 2021 kuwa ya A hadi G, huandika yuniti kwa mizunguko 100 na lita kwa mzunguko mmoja, zikipimwa kwa programu ya Eko ya nyuzi 40 hadi 60. Mashine ya kilo 8 ya daraja A haizidi yuniti 47 hivi kwa mizunguko 100. Kumbuka basi kwamba herufi ile inapima zaidi ufuaji wa maji moto. Anayefua baridi hataziona yuniti hizo kwenye bili yake. Kwake lita za maji na kasi ya kukamua ndizo za kutazama, pamoja na upatikanaji wa vipuri na fundi.

Rudi kwenye karatasi yako. Toa gharama ya mwaka ya mashine mpya (umeme, maji na sabuni tu), kwa programu unazotumia wewe, kutoka kwa ile ya mashine uliyonayo. Gawanya bei ya mashine mpya kwa tofauti hiyo; jibu ni idadi ya miaka. Likizidi kumi na mashine yako bado inafua, badilisha raba ya mlango, safisha filta, uendelee nayo. Likiwa miaka mitatu au minne, kama inavyotokea kwa mwenye mashine ya mti wa katikati anayenunua maji ya lori, anza kuuliza bei.